Ngome za mashuka na maboksi ndani ya nyumba: mwache mtoto awe fundi mkuu, wewe uwe kibarua

Mlezi_Makini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mara nyingi humu tunaulizana watoto wafanye nini siku wanaposhinda ndani, na majibu huishia kwenye simu na runinga. Leo naomba tuongelee mchezo ambao karibu kila mtoto huuanzisha mwenyewe bila kufundishwa: kujenga kijumba. Mpe shuka na viti viwili, kaendelee na shughuli zako. Ukirudi utakuta kuna paa, kuna mlango, na kuna masharti ya kuingia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, mwenye kupinga apinge. Kazi ya kujenga ni ya mtoto. Mzazi anashika pale mkono mfupi usipofika, anabeba kizito, anakagua usalama, basi. Ngome nzuri iliyojengwa na baba huku mtoto amekaa anatazama ni ngome ya baba. Mtoto ataingia, atatoka, na baada ya muda mfupi ataulizia runinga, kwa sababu utamu wenyewe umeshaliwa na mtu mzima.

Kwa nini wanapenda hivi vijumba? Mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton aliandika mwaka 1975 kwamba binadamu huvutiwa na mahali panapompa vitu viwili kwa pamoja: maficho na upenyo wa kutazama nje. Yeye alikuwa anazungumzia mandhari, lakini hebu mwangalie mtoto aliye chini ya blanketi. Paa likishasimama tu, kinachofuata ni kutafuta tundu la kuchungulia. Anataka akuone wewe, na wewe usimwone. David Sobel, mwalimu na mtafiti wa Marekani, alifuatilia vijumba vya siri vya watoto Uingereza na kwenye kisiwa cha Carriacou huko Karibi, sehemu mbili zisizofanana kwa lolote, na kote akakuta watoto wa umri wa shule ya msingi wana mahali pao walipojitengenezea. Kwa hiyo usimwone mwanao msumbufu anapohamisha mito ya sofa. Anafanya kazi ambayo watoto wa mbali sana na kwenu nao wanaifanya.

Suala la vifaa. Msanii Mwingereza Simon Nicholson alitoa hoja mwaka 1971 ambayo mimi naiamini mpaka leo: kadiri mahali panapokuwa na vitu vingi vinavyohamishika na kugeuzwa matumizi, ndivyo ubunifu wa waliopo unavyopanuka. Kijumba cha plastiki cha dukani kina mlango mmoja na dirisha moja, na vitabaki palepale mpaka mtoto akue. Shuka leo ni paa, kesho ni tanga la jahazi. Kabla yake, msanifu wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, aliona watoto wanapenda kuchezea mabaki kwenye maeneo ya ujenzi kuliko bustani alizowatengenezea. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, kikafunguliwa kiwanja cha aina yake Emdrup, Copenhagen: mbao, matofali, zana, na watoto wakajenga wenyewe. Sebuleni kwako hatuhitaji matofali, lakini wazo ni lilelile.

Sasa tuje kwenye kujenga.

Shuka jepesi ndilo la paa, blanketi zito ndilo la ukuta. Wengi wanafanya kinyume, halafu wanashangaa paa linawafunika. Blanketi lina uzito wa kuvuta viti ndani, lakini likining'inia pembeni linatulia na kuleta giza zuri ambalo watoto wanalitaka. Ukubwa wa shuka la kitanda cha watu wawili unatosha paa la watoto watatu.

Kubana: vibanio vya nguo ni mfalme. Mtoto wa miaka minne anavimudu, na kile kitendo cha kuminya kinampa nguvu ya vidole atakayoihitaji kwenye kushika kalamu. Pale kibanio kisipokamata, kuna ujanja wa wapiga kambi. Chukua mpira mdogo au soksi iliyokunjwa, uweke ndani ya pembe ya shuka, kisha funga kamba kwenye shingo ya hilo fundo. Kamba haitachomoka na shuka halitachanika.

Paa kulegea katikati: usilivute zaidi. Weka mpini wa ufagio kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi kingine uwe mwamba wa paa, shuka lipite juu yake. Tatizo linaisha hapo.

Nisimulie kidogo. Mwanangu alibana shuka kwenye migongo ya viti viwili, viti vikaanza kuinamiana. Akavisogeza mbali, vikainama zaidi. Nilikuwa nimekaa pembeni, jibu ninalo mdomoni, nikanyamaza. Akakaa chini akiangalia miguu ya kiti ya nyuma ikinyanyuka kila akivuta shuka. Akaondoka kimya, akarudi amekumbatia vitabu, akavipanga kwenye kalio la kiti kimoja, akavuta shuka. Kiti hakikutikisika. Akamgeukia dada yake, akamwambia kwa sauti ya mtu mwenye cheo: "Kiti kinavutwa huku, kwa hiyo kinataka mzigo." Hilo ni somo la uzani, na hakuna aliyelifundisha. Ningefungua mdomo, angepata paa na kukosa somo.

Kama ni lazima useme kitu, uliza. "Nini kinavuta hapa?" "Upande upi unaanguka kwanza?" Usiulize kama unamtega, uliza kwa sababu unataka kujua anaonaje.

Karibuni. Mnaojenga na wenu mnafanyaje?

---

Mama_Mapacha

Asante sana mleta uzi, umenigusa. Swali langu: mimi wangu wana miaka miwili. Nikijenga, wanabomoa. Nikijenga tena, wanabomoa na kucheka. Niwasubirie wakue?

---

Mlezi_Makini

Dada, usisubiri, ila badilisha lengo. Katika umri huo kubomoa ndiyo kazi yenyewe, wanapima kitu kinasimamaje na kinaangukaje. Wajengee minara ya mito na maboksi matupu, kazi yao iwe kuangusha. Kwa kijumba, tumia meza. Shuka moja juu ya meza ya kulia, linashuka pande zote, limekwisha. Hakuna cha kuangusha, na wao wanapata kuingia na kutoka, kuonekana na kupotea. Kwa mtoto wa miaka miwili hapo pana raha ya asubuhi nzima.

Kuanzia kama miaka mitatu na nusu, minne, utaona wanaanza kukuagiza: "lete ile", "shika hapa". Ukiona wanakuagiza, jua cheo kimehama.

---

Fundi_Randa

Mimi ni seremala, niongeze la kifundi.

Watoto wengi huanza na umbo la mraba, na mraba ukiusukuma ubavuni unalala. Pembetatu hailali mpaka fimbo ivunjike au fundo lifunguke. Hii ndiyo sababu kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hujengwa kwa pembetatu. Basi wape watoto fimbo tatu ndefu kuliko wao, wazifunge pamoja karibu na ncha za juu, wafungue miguu. Zinasimama zenyewe. Tatu tu zinatosha kusimama hata sakafu ikiwa na bonde, kwa sababu miguu mitatu haiyumbi. Wakitaka nafasi zaidi, fimbo nyingine zinaegemezwa juu ya zile tatu. Tatizo moja: kwenye sakafu ya vigae miguu inateleza kwenda nje. Zungushia kamba chini ifunge miguu yote, au simamisha kila mguu ndani ya kiatu cha raba. Hilo la kiatu nilifundishwa na mtoto wa jirani, na linafanya kazi.

Kwa maboksi. Katoni ina karatasi mbili na katikati kuna mawimbi. Ile mifereji ikisimama wima boksi linabeba mzigo, ikilala linakunjika. Mwonyeshe mtoto kwenye ukingo uliokatwa, ataona vitundu. Nguvu nyingine ya boksi iko kwenye kona zake. Kwa hiyo mlango na madirisha yakae mbali na kona, acha angalau upana wa kiganja. Mlango usiukate pande zote: kata pande tatu, upande wa nne kandamiza mstari kwa mpini wa kijiko kisha kunja, hiyo ni bawaba tayari. Mtoto achore mistari, kisu ashike mtu mzima. Na hapo naungana na mleta uzi: kata pale alipochora. Kama dirisha limepinda, likatwe limepinda.

Onyo: msifunge kamba za paa kwenye kabati refu, rafu ya vitabu wala meza ya runinga kama havijafungwa ukutani. Kamba iliyofungwa juu ya kabati ni mkono wa kuliangusha. Mtoto akijikwaa kwenye shuka, kabati linakuja naye.

---

Mpenda_Usafi

Wakuu naheshimu mawazo yenu ila mimi napinga. Nyumba yangu ni ndogo. Sebule ndiyo chumba cha chakula, ndiyo chumba cha wageni. Mnataka mito yangu ya sofa ilale chini siku kadhaa? Kwangu kijumba kibomolewe kila jioni. Na mashuka nifue mimi?

---

Mlezi_Makini

Hoja yako ni ya haki, na mtu asikudharau kwayo. Nyumba ikiwa ndogo, mtoto naye anakosa mahali pa kuwa peke yake, ndiyo maana huko haja ya kijumba ni kubwa zaidi. Hapahitajiki sebule nzima. Kati ya sofa na ukuta pana nafasi ya shuka moja. Kitanda cha chini cha deka kikining'inizwa shuka kutoka kitanda cha juu kimekuwa chumba. Pembe ya chumba na kamba moja ya kuvuka, shuka likibanwa juu yake, ukitaka kupita unalisogeza kama pazia.

Mashuka: tenga mawili makuukuu yawe ya kazi hiyo tu. Hayaendi kitandani, hayarudi kabatini na mengine. Hapo ugomvi wa kufua umekwisha.

Ila kwenye kubomoa kila jioni nitakubembeleza. Siku ya kwanza wanajenga. Siku ya pili ndipo wanaanza kuishi humo, na mchezo wenyewe unaanza: kuna duka, kuna hospitali, kuna mgonjwa, kuna mtu kanyimwa kuingia. Ukibomoa kila jioni watakuwa mafundi wasiowahi kukaa kwenye nyumba. Kubaliana nao siku ya mwisho mapema, waijue, na siku hiyo ikifika ishike.

---

Muuguzi_Zamu

Naomba niongee kwa uzito kidogo kwa sababu ya kazi yangu.

Mwanga ndani ya kijumba uwe tochi ya betri. Mshumaa hapana, taa ya meza yenye balbu ya joto hapana, hata kama uko pembeni yao. Kitambaa kikigusa balbu ya joto kinaweza kuungua. Waya wa kurefushia umeme usipite chini ya mito na mablanketi.

Na hizo tochi ndogo na taa za mapambo, angalieni betri. Zile bapa za mviringo ndizo zinazonitisha kuliko kitu chochote kwenye uzi huu. Mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio (njia ya chakula), inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu. Hata betri iliyochoka kwenye kifaa bado inaunguza. Tumieni tochi ambayo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Mkishuku amemeza, msimtapishe, msisubiri kesho, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Mengine kwa haraka. Plastiki isitumike kama ukuta wala paa, mifuko na nailoni za kufungia magodoro zinaziba pumzi. Kamba isivuke mahali mtoto anapokimbia, hasa usawa wa shingo, na ncha ndefu zisining'inie ndani. Upande mmoja wa kijumba ubaki wazi hewa ipite, kwa sababu chini ya blanketi joto linapanda upesi na mdogo hawezi kusema kwamba amezidiwa. Kijumba kisizibe mlango wa kutokea nyumbani. Mtoto chini ya mwaka mmoja asilazwe humo.

Friji bovu, sanduku lenye kufuli na mashine ya kufulia visiingizwe kwenye mchezo kabisa. Watoto walikuwa wanajifungia kwenye majokofu yaliyotupwa na kufia humo mpaka Marekani ikatunga sheria mwaka 1956 kulazimisha milango ya majokofu ifunguke kwa ndani. Kama una friji bovu uani, ng'oa mlango leo.

---

Mlezi_Makini

Muuguzi, Mungu akubariki. Uzi huu ungekosa ujumbe wako ungekuwa nusu.

---

Mwl_Hisabati

Wenye watoto wa miaka tisa na kuendelea, mashuka yakiwachosha wapeni kuba la magazeti, yaani paa la mviringo linaloundwa kwa pembetatu nyingi. Nimelifanya na wanafunzi na wanangu, linasimama kweli. Umbo hili ndilo lililojulikana duniani kupitia msanifu Mmarekani Buckminster Fuller, aliyepata hataza (hati ya haki ya ubunifu) yake Marekani mwaka 1954.

Mnahitaji mirija 65 ya karatasi: mirefu 35 ya sentimita 62, na mifupi 30 ya sentimita 55. Kwa vipimo hivyo kuba linakuwa na kimo cha karibu mita 1 na upana wa karibu mita 2. Pakeni mirefu alama ya rangi, la sivyo mtachanganya na jengo zima litapinda.

Kutengeneza mrija: weka karatasi 3 za gazeti pamoja, anza kuviringisha kutoka kwenye pembe, siyo kwenye ukingo, ukitumia kijiti chembamba katikati. Viringisha kwa kubana. Funga kwa selotepu, chomoa kijiti, kata ncha zote mbili kwa kipimo. Mrija uliolegea utakunjika, huo urudiwe.

Kujenga: unganisheni mirefu 10 iwe duara chini. Kwenye kila kiungo simamisheni mrefu 1 na mfupi 1, mkipanga ili mrefu uwe jirani na mrefu wa kiungo cha pili, na mfupi jirani na mfupi. Majirani waunganishwe juu, mnapata pembetatu 10 zinazopokezana, ndefu na fupi. Vilele vyake vifungwe kwa mzunguko wa mifupi 10. Sasa tafuteni viungo ambapo mifupi 4 imekutana, vipo 5. Kila kimoja kiongezewe mfupi 1 unaoelekea juu, na ncha yake ishikwe kwa mirefu 2 kutoka viungo vya kulia na kushoto. Ncha hizo 5 zifungwe kwa mzunguko wa mirefu 5. Mwisho mifupi 5 inakutana juu katikati.

Wakati wa kujenga linalegea na watoto watakata tamaa, hasa mzunguko wa pili. Waambieni wazi kwamba linakaza pale mrija wa mwisho unapofungwa. Ndilo jambo zuri kuliko yote humo: dakika moja limelegea kama wavu, dakika inayofuata unaligonga na linaitikia.

Juu yake shuka jepesi tu. Wasipande.

---

Baba_Wa_Utulivu

Nina swali la tofauti. Mwanangu hapendi kelele. Wageni wakijaa anaziba masikio na kulia. Alianza kujificha nyuma ya pazia, watu wakasema namdekeza. Kijumba kinaweza kumsaidia au kitamzidishia kujitenga?

---

Muuguzi_Zamu

Kaka, kwa nilivyoona watoto wa namna hiyo, mahali tulivu panasaidia, ilimradi paheshimiwe. Pawe mahali palepale siku zote, giza la wastani, kitu kizito laini cha kukumbatia, na pasitumike kamwe kama adhabu. Akiingia, asivutwe kutoka. Ukitaka kumwita, gonga pembeni ya boksi, ngoja. Wengi hutulia wakatoka wenyewe, kwa sababu wanajua wakizidiwa tena pa kurudi papo. Na kama kelele zinamtesa kiasi hicho, mpeleke akaonwe na mtaalamu wa watoto. Siyo kwamba ana kasoro, ila upate mbinu zaidi za kumsaidia.

---

Mama_Mapacha

Mrejesho. Nimeweka shuka juu ya meza. Wameingia na hawajatoka mpaka muda huu, nasikia wanasemezana wasichokisema mbele yangu. Swali la mwisho: binamu yao mwenye miaka saba yupo, anawakataza kuingia, anasema hiyo ni ngome yake. Niamue vipi?

---

Mlezi_Makini

Usiamue haraka, dada. Miaka saba ni umri wa masharti, na kuweka masharti ni sehemu ya kujenga. Mpe mahali pengine pa kwake peke yake, hata boksi moja, aandike sheria zake mlangoni. Ya meza ibaki ya wote. Kisha mwombe awe fundi wa mapacha: awaulize wanataka mlango upande gani, awabanie. Vibanio umkabidhi yeye.

Na siku ya kubomoa ikifika, wabomoe wao. Fimbo upande mmoja, vibanio kwenye kikopo, shuka likunjwe na wawili, mmoja kila upande. Hifadhi vyote kwenye boksi moja wanalolifikia, ili kesho wasikuombe ruhusa ya kuanza.